NYUMBA INAYOELEA: KUCHAGUA NJIA NA MAHALI PA KULALA KATIKA MIFEREJI YA LONDON

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Neno hilo walilisema juu ya mito na bahari, lakini linafaa vilevile kwa maji yaliyochimbiwa njia na mikono ya binadamu katikati ya mji mkubwa. Mfereji huonekana mpole. Maji yake hayaendi mbio, kina chake aghalabu hakimzidi mtu mzima kimo, na kingo zake zi karibu. Wengi hudhani kwamba njia kama hiyo haihitaji tahadhari, na upole huo ndio unaowaponza.

Katika jiji la London, nchini Uingereza, maelfu ya watu hukaa katika mashua nyembamba za chuma zinazopita mifereji hiyo. Upana wa mashua moja ni kama mita 2 tu, na urefu wake waweza kufika mita 22. Ndani yake mna jiko, vitanda, meza ya kulia chakula na tanuri dogo la kuotea moto. Bwana wa nyumba ndiye nahodha, mkewe ndiye baharia, na siku nyingine mambo huwa kinyume chake. Watoto husoma masomo yao huku nyumba ikienda.

Tangu mwaka 2012 mifereji mingi ya England na Wales imo mikononi mwa Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyoipokea kutoka kwa bodi ya serikali. Sheria ya mwaka 1995 inaagiza kwamba mashua isiyo na gati yake ya kudumu isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa kwa sababu ya haki. Jamaa wa namna hiyo hawana budi kuchagua njia mpya na mahali papya pa kulala kila baada ya majuma mawili. Akichagua vibaya mwenye nyumba ya matofali, atapata jirani mbaya. Akichagua vibaya mwenye nyumba inayoelea, aweza kupoteza mtoto.

NJIA MBILI ZA KUVUKA JIJI

Mashua itokayo magharibi kwenda mashariki mwa London ina njia mbili. Ya kwanza ni mto Thames, kutoka Brentford hadi Limehouse. Ya pili ni mifereji: mkono wa Paddington uliofunguliwa mwaka 1801, kisha Regent's Canal uliokamilika mwaka 1820.

Njia ya mto huvutia kwa sababu ni ya haraka, na katika safari yenyewe hakuna malango ya maji ya kufungua na kufunga. Lakini Thames katika sehemu hiyo hujaa na kupwa kama bahari. Karibu na London Bridge, maji yaweza kupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 7 katika siku za bamvua. Vyombo vikubwa vya abiria hupita kwa kasi na kuacha mawimbi nyuma yao, na nguzo za madaraja huyabana maji hata yakawa na nguvu ya kukivuta chombo. Mashua nyembamba, yenye tako bapa na ubavu mfupi, haikuundwa kwa mashaka hayo. Chombo chenye urefu wa mita 13.7 au zaidi ni lazima kiwe na redio ya mawasiliano. Zaidi ya hayo, mtoni hakuna ukingo wa kujifungia wakati wowote nahodha atakapochoka.

Jiji hilo lilijifunza kwa uchungu. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1989, mashua ya starehe iliyoitwa Marchioness iligongwa na chombo cha kuzoa mchanga kiitwacho Bowbelle, karibu na daraja la reli la Cannon Street. Watu 51 walikufa. Mwaka 2002 vituo vya mashua za uokoaji vilianzishwa kando ya Thames, na kile cha Tower kimekuwa miongoni mwa vituo vyenye kazi nyingi kupita vyote nchini humo. Kwa hiyo, asiye na nanga iliyo tayari omoni, jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na ujuzi wa kusoma majira ya kujaa na kupwa, na auache mto kwa wenyewe, au apande na rubani aujuaye.

KUUPIMA MWENDO

Njia ya mifereji ni ya polepole. Mwendo wa juu ulioruhusiwa ni maili 4 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa miguu kwa haraka. Manahodha wana hesabu yao: hujumlisha maili na idadi ya malango ya maji, kisha hugawanya kwa tatu. Jawabu ndilo idadi ya saa za safari. Regent's Canal, kutoka Little Venice hadi Limehouse, ina takriban maili 9 na malango 12. Jumla ni 21, na ukigawanya kwa tatu wapata saa 7, pasipo kuhesabu chakula wala foleni.

Hesabu hiyo ndogo ina faida kubwa. Jamaa wanaoondoka Little Venice saa nne asubuhi mwezi wa Desemba hawatafika Limehouse kabla ya giza, maana jua la London mwezi huo huzama kabla ya saa kumi alasiri. Giza litawakuta kwenye malango yenye utelezi, mikono imekufa ganzi, na kila mahali pema pa kulala pamekwisha kushikwa. Ni heri kuigawanya safari mara mbili: siku ya kwanza malango manne na handaki la Islington, ambayo ni kama nusu ya njia, siku ya pili yaliyosalia. Askari ajuaye kupanga matembezi ya kikosi ataona kwamba kanuni ni ile ile: mahali pa kulala huchaguliwa kabla ya kuondoka, na mahali pa pili huwekwa akiba.

MALANGO NA MAHANDAKI

Lango la maji ni chumba cha mawe chenye milango kila upande. Mashua huingia, milango hufungwa, kisha maji huingizwa au kutolewa kwa vizibo vidogo, na mashua hupanda au hushuka. Malango 12 ya Regent's Canal huishusha mashua kiasi cha mita 26 kabla haijafika Limehouse.

Hatari kubwa katika kushuka ni kizingiti. Chini ya milango ya juu kuna ukingo wa jiwe au saruji, usioonekana chumba kinapojaa. Mashua ikikaa nyuma mno, tezi huketi juu ya kizingiti hicho huku maji yakishuka na omo likizama. Kwa dakika chache tu mashua hujaa maji. Ndiyo sababu alama nyeupe imechorwa ukutani: tezi isirudi nyuma ya alama hiyo hata kidogo. Mtu mmoja akae usukani, wa pili asimame penye vizibo akimtazama mwenzake, na kila mmoja awe tayari kuvifunga mara aonapo mashua imekwama. Kamba haifungwi kwa fundo ndani ya chumba. Huzungushwa nguzoni na kushikwa mkononi, ili ilegezwe maji yanaposhuka. Watoto wakae ndani, au wasimame mbali na ukingo wakiwa wamevaa majaketi yao.

Malango ya Camden yapo katikati ya soko mashuhuri. Mchana, na hasa mwisho wa juma, umati hukaa juu ya mihimili ya milango, wengine wamelewa. Nahodha mwenye busara hupita hapo asubuhi mapema, watu wa jana wakiwa bado wamelala.

Mahandaki nayo yana adabu yake. Handaki la Maida Hill lina urefu wa kama mita 249, na la Islington mita 878. Yote mawili hupitwa na upande mmoja kwa zamu, wala hayana njia ya miguu ndani. Zamani wanaume walilala chali na kuisukuma mashua kwa nyayo zao dhidi ya kuta, hata mwaka 1826 chombo cha mvuke kilipoanza kuvuta mashua ndani ya handaki la Islington. Handaki hilo limenyooka. Anayechungulia huona nuru ya upande wa pili. Akiona taa inakuja, angoje. Akiingia, awashe taa ya omoni, na vichwa na mikono viwe ndani.

MAHALI PA KULALA

Kanuni ya kwanza ya mahali pema ni watu. Penye mashua nyingine zinazokaliwa, taa za njiani, na wapita njia hadi jioni, mwizi hana raha. Little Venice, Islington, ukingo wa Victoria Park na bandari ndogo ya Limehouse hupendwa kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo huwahi kujaa. Mkono wa Paddington, wenye urefu wa kama kilometa 22, hauna lango la maji hata moja, lakini sehemu zake nyingi hupita nyuma ya viwanda na maghala. Ni njia nzuri ya kusafiri mchana. Si kila mahali pake panafaa kulala.

Chini ya daraja pasilalwe. Penye kona kali pasifungwe mashua, wala karibu na milango ya maji, ambako wengine huhitaji kusimama. Kibao cha ukingoni kisomwe kabla ya kamba kufungwa, kwani mahali pengine siku zinazoruhusiwa ni chache kuliko 14. Kamba ipitishwe kwenye pete ya ukingoni na kurudishwa mashuani, fundo likae juu ya mashua yenyewe. Mtundu wa usiku hataweza kulifungua akiwa nchi kavu. Baiskeli na vyombo vya thamani visiachwe juu ya paa. Injini isiungurume kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi, kwa kuwa ujirani mwema ni ulinzi pia.

Jambo moja ambalo kila polisi atalisifu: mara tu mashua inapofungwa, mtu wa nyumba asome nambari ya daraja lililo karibu na jina la barabara ipitayo juu yake, aziandike karibu na mlango. Mfereji hauna nambari za nyumba. Mtoto akiugua usiku, anayepiga simu 999 atatakiwa kusema yuko wapi, na gari la wagonjwa litakuja kwa barabara, si kwa maji.

MOTO NA HEWA

Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874, tishari lililoitwa Tilbury lilikuwa likivutwa kupita Regent's Park. Shehena yake ilikuwa na baruti na mafuta ya petroli. Lililipuka chini ya daraja la Macclesfield, likawaua watu wake watatu na kulibomoa daraja. Nguzo za chuma zilisimamishwa tena, na hata leo zaonyesha mikwaruzo ya kamba za farasi wa zamani.

Baruti haisafirishwi tena humo, lakini kila mashua bado imebeba gesi, mafuta na makaa. Adui mbaya zaidi haonekani wala hanuki: ni moshi wa sumu wa monoksidi ya kaboni, utokao katika tanuri, jiko au injini. Tangu Aprili 2019 mashua zenye vyumba vya kukaa ni lazima ziwe na king'ora cha kuitambua hewa hiyo. Matundu ya hewa yasizibwe kwa nguo hata baridi ikiuma namna gani, na mtu asilale huku jenereta la kubebeka likivuma karibu na dirisha.

Kabla ya kufungua kamba, basi, watu wa mashuani na waulizane: Saa ngapi zitatumika? Malango mangapi yako mbele? Tutalala wapi, na pakijaa tutalala wapi? Nani atakaa usukani, nani atashika vizibo, na nani atamtazama mtoto? Nyumba yenye majawabu hayo, hata ikienda maili 3 kwa saa, itafika. Mwenda pole hajikwai.