KARATASI MOJA, HUKUMU MBILI

Wimbo wa kale umerudi. Tunausikia barazani hapa Upanga, tunausikia sokoni Kariakoo: ati Mwingereza alitutawala kwa kuwa hatukuwa tayari, na ati Uhuru wa 1961 ulikuja mapema mno. Wanaouimba leo ni watoto wetu wenyewe, ndiyo maana hatuwezi kunyamaza.

Ndugu wanachama, tuwaulize swali moja tu: tayari kwa kipimo gani?

Tarehe 28 Juni 1919 Mjerumani alitia sahihi Mkataba wa Versailles. Alikuwa ameitawala Tanganyika. Alikuwa pia ametawala sehemu ya Polandi, nchi iliyogawanywa na Urusi, Austria na Prussia ya Kijerumani hata ikafutika katika ramani mwaka 1795. Katika mkataba ule ule, kifungu cha 87 kilikiri kwamba Polandi ni dola huru kabisa. Kifungu cha 119 kilimvua Mjerumani makoloni yake, na kifungu cha 22 kikasema kwamba watu wa makoloni hayo hawawezi bado kusimama peke yao, basi wapewe walezi. Mlezi wetu akawa Mwingereza.

Je, Polandi ilikuwa tayari? Ilianza na sheria za watawala watatu, fedha za namna mbalimbali, na reli zisizolingana upana. Hesabu ya watu ya 1921 ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wenye umri wa miaka 10 na zaidi hawakujua kusoma na kuandika. Hawakuambiwa wangoje mpaka wote wasome. Wakatunga katiba mwaka 1921, wakaleta fedha moja, złoty, mwaka 1924, wakajenga bandari yao Gdynia. Walijifunza kutawala kwa kutawala.

Na sisi? Mwaka 1926 lilifunguliwa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wazungu wakakaa, Wahindi wakakaa. Mwafrika hakuwamo hata mmoja mpaka 1945. Mji huu ukatengwa: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati. Na jina Kariakoo lenyewe latoka katika kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, waliobeba mizigo ya vita ile ile iliyoirudishia Polandi uhuru wake!

Watu wa kuanzia kazi walikuwapo. Mwaka 1929 Waafrika wa makabila mbalimbali walianzisha African Association hapa hapa mjini. Lakini mlezi alipenda kila kabila likae peke yake chini ya mtemi wake. Kumfungia mtu mlango, kisha kumlaumu kwamba hajui kuingia, huo ni ulezi gani?

Watatujibu kwamba tawala za Waafrika zimekosea. Ni kweli. Polandi nayo ilikosea. Rais wake wa kwanza, Narutowicz, aliuawa Desemba 1922, siku chache tu baada ya kushika kazi. Mwaka 1926 Piłsudski alitwaa serikali kwa silaha. Karibu theluthi moja ya raia hawakuwa Wapolandi kwa kabila, na wengi wao walitendewa kama wageni nyumbani kwao. Je, kwa makosa hayo walistahili kurudishwa kwa Mrusi na Mjerumani?

Mwaka 1939 hao wawili waliivamia na kuigawana tena. Kuanzia 1942 maelfu ya wakimbizi wake walipokewa katika nchi yetu, Tengeru karibu na Arusha, na makaburi yao yapo huko mpaka leo. Nani amepata kusimama juu ya makaburi yale akasema kwamba watu hawa hawakuwa tayari kuwa na nchi?

Basi anayetaka kuhesabu makosa yetu tangu 1961 na ayahesabu, tena kwa sauti, ili tuyasahihishe. Hiyo ni haki ya mwenye nyumba. Lakini asitudai cheti ambacho Polandi haikudaiwa.