Si Kila Mvumo Ni Kelele

Mara ya kwanza nilipousikia muziki wa KMRU nilidhani spika zangu zimeharibika. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyeniletea albamu ya Peel, iliyotolewa mwaka wa 2020, akanisihi niisikilize hadi tamati. Nikaketi sebuleni, mtaani Umoja, nikingoja ngoma ianze. Haikuanza. Kipande chenye jina la albamu kinazidi dakika 20, na ndani yake hamna mwimbaji wala mdundo wa kuchezea. Ni mvumo tu, unaopanda na kushuka. Jirani aliyekuwa amenitembelea aliuliza iwapo ni friji inayonguruma.

KMRU ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1997, mjukuu na somo wa Joseph Kamaru yule gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyeaga dunia mwaka 2018. Babu alisifika kwa maneno yenye makali. Mjukuu ameyaweka maneno kando.

Sikumlaumu jirani. Lugha yetu imetuzoeza hivyo. Katika Kiswahili, ngoma ni ala, ni uchezaji, tena ni sherehe yenyewe, yote kwa neno moja. Kisichochezeka hukosa jina, na kisicho na jina huitwa kelele. Ajabu ni kwamba lugha iyo hiyo husema nyuki huvuma, upepo huvuma, bahari huvuma, wala haioni kasoro. Waingereza waliupata msamiati wao kwa Brian Eno, mwaka 1978. Sisi tuuite muziki wa mvumo, tuendelee mbele.

Usiku wa pili nilizima taa nikasikiliza tena. Albamu ilipokwisha sikuinuka, na hapo ndipo nilipoanza kuisikia Umoja: utingo akipiga bodi ya matatu kwa kiganja, transfoma ikizizima, maji yakiingia mtungini kwenye ploti ya pili. Sauti ya mtungi hupanda kadiri maji yanavyojaa, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani inazidi kuwa fupi. Mimi hulifundisha jambo hilo darasani kwa michoro. Marehemu mama alilijua bila mchoro. Angali jikoni, angeniita nikafunge mfereji kabla tone halijamwagika.

Mwaka 2022 kijana huyu alitoa Temporary Stored, kazi iliyotumia sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Tuna haki ya kuuliza sauti hizo zinafanya nini huko. Lakini za hapa je, ziko wapi? Nyumba kongwe za halmashauri kule Pangani zilibomolewa kupisha maghorofa, na mipango kama hiyo imenuiwa mitaa mingine. Picha zitabaki, ramani zitabaki. Nani aliyerekodi foleni ya mfereji wa pamoja alfajiri, au nyundo za mafundi wa Gikomba zikijibizana?

Idara zetu za muziki na isimu zisingoje wafadhili. Simu aliyo nayo kila mwanafunzi yatosha kuanzia Kaloleni na Shauri Moyo, kabla tingatinga halijafika. Nami nimekwisha kurekodi mfereji wa ploti ya pili kwa dakika tisa. Nilimsikilizisha jirani. Angali anashikilia kuwa ni friji.