TAMKO KUHUSU MUSTAKABALI WA VISIMA VYA SONGO SONGO NA UHIFADHI WA GESI CHINI YA ARDHI

Sisi wahandisi, wajiolojia na mafundi wa visima tulioungana katika chama hiki cha kitaaluma tunatoa tamko hili kwa Serikali, kwa Bunge na kwa wananchi, hususan wakazi wa Kilwa. Leseni ya uzalishaji wa gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, na ukomo wake ni Oktoba 2026. Mjadala mwingi umehusu nani ataendelea kuchota gesi iliyobaki. Swali la mwamba wenyewe utafanyiwa nini ukishachoka halijapewa nafasi yake. Msimamo wetu ni kwamba swali hilo lijibiwe sasa, wakati mwamba bado una shinikizo, kwa sababu kadiri miaka inavyokwenda jibu linazidi kuwa ghali, na mwisho halipatikani kabisa.

Kuhifadhi gesi katika mwamba uliokwisha kutoa mafuta au gesi si jambo geni. Kanada ilijaribu mwaka 1915 huko Welland, Ontario, na mwaka uliofuata Marekani ikafanya hivyo katika kitalu cha Zoar, karibu na Buffalo. Leo Marekani ina maghala ya gesi ya chini ya ardhi yapatayo 400, mengi yake yakiwa ndani ya vitalu vilivyokamuliwa. Mwamba uliozuia gesi isipande juu kwa mamilioni ya miaka unaweza kuizuia tena. Matumizi yakipungua, gesi hushindiliwa chini kwa kompresa. Yakipanda, valvu hufunguliwa. Ila si gesi yote inayorudi. Sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu ya iliyomo, haina budi kubaki chini daima ili shinikizo lisiporomoke. Hiyo ndiyo gesi ya msingi. Nchi iliyokamua kitalu chake hadi mwisho, kisha ikataka kukigeuza ghala, italazimika kununua gesi hiyo upya, kuishindilia, na kutoiuza kwa muda wote wa uhai wa ghala.

Kuhusu usalama, tunaomba kila atakayeshika kalamu kusaini jambo hili asome kwanza habari za Aliso Canyon, California. Kitalu hicho cha mafuta kiligunduliwa mwaka 1938 na kuanza kutumika kama ghala la gesi mwaka 1973. Tarehe 23 Oktoba 2015 kisima SS-25, kilichochimbwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mafuta, kilipasuka. Gesi ilivuja hadi Februari 2016. Majaribio ya kukizima kwa kumimina tope zito kutoka juu yalishindikana moja baada ya jingine, mpaka kikachimbwa kisima kingine pembeni cha kukikuta chini na kukiziba kwa saruji. Wanasayansi walikadiria kwamba takriban tani 97,000 za methani ziliingia hewani. Zaidi ya kaya 8,000 za Porter Ranch na maeneo jirani zilihama nyumba zao.

Mwamba wa Aliso Canyon haukuwa na kosa lolote. Kilichooza ni chuma. Uchunguzi huru uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba bomba la kinga la kisima hicho lililiwa na kutu kutoka nje, pale lilipogusana na maji ya ardhini, na bakteria wakaiharakisha kutu hiyo. Valvu ya usalama ya chini ilikuwa imeondolewa tangu 1979. Tena gesi ilikuwa ikipitishwa katika bomba la ndani na pia katika nafasi iliyo kati yake na bomba la kinga, kiasi kwamba kati ya gesi yenye shinikizo kubwa na udongo kulibaki ukuta mmoja tu wa chuma cha miaka sitini. Baada ya maafa hayo California iliagiza kila kisima cha ghala kiwe na vizuizi viwili, wala si kimoja. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua jinsi ilivyo rahisi kukiamini kisima kwa kuwa hakijawahi kuleta shida. Visima vya kwanza vya Songo Songo vilichimbwa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mazingira ya chumvi ya bahari. Kisima kilichochimbwa ili kutoa gesi hupungukiwa na shinikizo mwaka hadi mwaka. Kisima cha ghala hupandishwa na kushushwa shinikizo kila msimu, na saruji yake hutikiswa kila mara. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Hispania nayo ina funzo lake. Kitalu cha Amposta, baharini mbele ya Vinaròs, kilitoa mafuta tangu 1973 hadi 1989. Mradi wa Castor ukakigeuza ghala la gesi. Uliposhindilia gesi Septemba 2013, ardhi ilianza kutetemeka mamia ya mara, na tetemeko kubwa kuliko yote, lililozidi kipimo cha 4, lilikuja baada ya kazi kusimamishwa. Kutoa mafuta kwa utulivu hakukuwa ushahidi kwamba mwamba ungepokea gesi kwa utulivu. Mipasuko iliyokuwa jirani haikupewa uzito uliostahili. Mwaka uliofuata Serikali ya Hispania iliidhinisha fidia ya yuro bilioni 1.35 kwa mwekezaji, ilipwe kupitia ankara za watumiaji wa gesi kwa miaka 30. Mahakama ya Katiba ilibatilisha utaratibu huo Desemba 2017. Linalotuuma zaidi ni kwamba mzigo wa kosa ulielekezwa kwa mwananchi aliyewasha jiko lake tu, kwa mkataba ambao hakuwahi kuuona.

Kuna wanaouliza ghala la gesi litatusaidia nini sisi tusio na baridi kali. Ulaya hujaza maghala kiangazi ili kujiandaa na baridi. Kwetu msimu unaoamua ni wa mvua. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Mvua zikinyesha vizuri, mitambo ya gesi hupumzishwa. Mvua zikikosekana, kama ilivyotokea 2022, nchi nzima huigeukia gesi ndani ya siku chache. Kwa sasa Songo Songo bado inaweza kungoja kwa kupunguza tu uzalishaji, na hiyo yenyewe ni akiba. Lakini shinikizo linashuka, kompresa zimekwisha kusimikwa, na itafika siku kitalu hakitaweza kutoa kwa kasi inayohitajika wakati wa ukame. Hapo ndipo gesi ya Mtwara, inayopita katika bomba lililozinduliwa 2015 na kuungana na la Songo Songo pale Somanga, ingeweza kuhifadhiwa kisiwani wakati wa masika. Hatudai kwamba mwamba wa Songo Songo unafaa. Tunadai upimwe.

Kwa hiyo tunazitaka Wizara ya Nishati, Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) zihakikishe kwamba mkataba wowote utakaofuata leseni ya sasa hauruhusu kukamua gesi ya msingi kabla upimaji huo haujakamilika na kuwekwa hadharani. Uingereza iliujua uchungu wa kuchelewa: ilifunga ghala lake kubwa la Rough mwaka 2017 kwa sababu ya uchakavu wa visima, gesi ya msingi ikaanza kuuzwa, na ilipobidi lifunguliwe tena Oktoba 2022 lilirudi na sehemu ndogo tu ya uwezo wake wa zamani.

Kumbukumbu za kila kisima, tangu cha kwanza cha 1974, yaani saruji, mabomba, vipimo vya kutu na matengenezo, zikabidhiwe kwa TPDC zikiwa kamili, na nakala zake zihifadhiwe nje ya mikono ya mwendeshaji. Kisima kisicho na kumbukumbu kisitumike katika ghala, kizibwe. Mipasuko ya mwamba ipimwe na vinasa mitetemo vifungwe miaka kadhaa kabla ya gesi yoyote kushindiliwa. Hasara ya mradi ulioshindwa isiwekwe kwenye ankara ya umeme wala ya gesi.

Na wavuvi na wakazi wa Songo Songo, wanaoishi juu ya mwamba huu, waelezwe kwa lugha wanayoielewa kabla ya uamuzi, na wawe na sauti katika kuufanya. Chama chetu kiko tayari kupeleka wataalamu wake kisiwani kwa kazi hiyo bila malipo.