Matabishi si Mshahara

Kuna tabia iliyozoeleka mno kati yetu hata haituaibishi tena. Mbebaji anatwaa gunia bandarini Kalundu, analipeleka hadi Mulongwe juani, huku mwenye mali akimfuata na mwavuli. Kabla ya safari walikwisha kubishana: mbebaji alitaja bei, mwenye mali akaikata nusu, kwa kuwa alijua mwenzake hajala tangu asubuhi. Wanapofika, anamwongezea noti ya faranga 500, anasema, "Chukua matabishi, baba," kisha anajiona mkarimu.

Ukarimu gani huo? Amerudisha sehemu ndogo ya kile alichonyang'anya, na bado anangoja kushukuriwa.

Wengine hunijibu: "Mwalimu, si alikubali mwenyewe?" Alikubali, ndiyo. Lakini Papa Leo XIII alifundisha tangu mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mapatano peke yake hayatoshi: anayepokea malipo haba kwa kuogopa njaa anadhulumiwa. Naye Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anashitaki mshahara uliozuiliwa. Juu ya matabishi hasemi neno.

Sikatazi matabishi. Mvua ikinyesha, mwendesha pikipiki akasukuma chombo chake matopeni ili unga wako usilowe, mwongezee kwa moyo. Ila bei ya haki itangulie, na ilipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kama inavyoagiza Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Kijana asiyetaka kuilipa na abebe gunia lake mwenyewe. Kalundu si mbali.