Mnunuzi wa Lori Mbinga Atazame Injini Kabla ya Chapa

Wasafirishaji wa Mbinga wanaotafuta lori la kubebea kahawa au makaa ya mawe ya Ngaka huuliza kwanza bei, kisha chapa. Injini huulizwa mwisho. Utaratibu huo una hasara.

Kampuni kubwa kama Scania, Volvo na Mercedes-Benz hutengeneza injini zao zenyewe. Mnunuzi hulichukua lori kama lilivyo, pamoja na vipuri na huduma za wakala. Watengenezaji wadogo hawawezi kwenda nao sambamba, maana kubuni injini mpya kunahitaji mtaji mkubwa mno. Wao hununua injini kwa wengine na kumwachia mteja achague. Nchini Uingereza, ERF na Foden ziliishi hivyo miaka mingi: mteja aliweza kutaka Cummins, Gardner au Perkins. Shacman ya China nayo imeuza malori yenye injini za Weichai na mengine yenye Cummins.

Mbinu hiyo haikuziokoa ERF na Foden. ERF ilinunuliwa na MAN mwaka 2000, na utengenezaji wa Foden ulikoma mwaka 2006. Lakini mwenye ERF ya Cummins hakuachwa yatima, kwa kuwa mtengenezaji wa injini yake aliendelea na kazi. Hapo ndipo penye faida kwa tajiri wa lori moja au mawili: chapa inaweza kufa, injini ikabaki na vipuri.

Safari za Ruvuma hazina huruma. Barabara huteremka kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa lililo takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na mzigo hupanda mlima huohuo wakati wa kurudi. Makaa yaendayo bandari ya Mtwara husafiri zaidi ya kilomita 600 kupitia Songea na Tunduru. Lori likilala wiki nzima likingoja pampu kutoka Dar es Salaam, mkopo wa benki haulali.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mnunuzi apite gereji za Songea aulize mambo matatu: fundi gani ameshawahi kuifungua injini hiyo, vipuri vyake viko duka gani, na breki ya injini inafanyaje kazi lori likiwa na mzigo mteremkoni. Asipopata majibu, punguzo la bei lisimdanganye.