Kuchungulia nako utafiti?

Jamani, hivi mtu akiwa hadharani ndiyo kageuka mali ya mtafiti? Mwaka 1976 Wamarekani watatu walichapisha utafiti wa chooni. Mtu wao alijifungia ndani, periskopu kaificha kwenye rundo la vitabu sakafuni, anapima sekunde ngapi mwanamume anachelewa kukojoa akisimamiwa jirani. Wanaume 60, hakuna aliyeombwa ruhusa. Jibu? Ukisogelewa, mkojo unachelewa. Bibi yangu angewaambia bure! Eti mazingira ya kawaida. Choo cha umma, sawa, lakini haja ni ya mwenyewe.

Mimi mwenyewe si malaika. Daladalani hutega sikio, naandika. Juzi dada wa pembeni akauliza, “Kaka, unaandika nini?” Nikafunga daftari, nikatazama dirishani. Nilipaswa kumjibu.