Dripu ya haraka si kipimo cha kutibiwa vizuri

Mzazi, mtoto mwenye homa kali akiwa mlegevu, mikono ya baridi, anapumua kwa shida au ameshindwa kunyonya, usisubiri kesho. Maambukizi yakisambaa, damu haifiki vizuri kwenye figo, ini na ubongo, na viungo hivyo huanza kushindwa kazi kimoja baada ya kingine.

Lakini ukifika hospitali usigombe eti mwanao hajamiminiwa maji ya haraka. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Kati ya waliomiminiwa maji ya haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiomiminiwa, takribani 7. (Anayeharisha hadi kukaukiwa maji ni habari nyingine, huyo anayahitaji.)

Tiba hiyo ilizoeleka kwanza kwenye nchi zenye mashine za kupumulia na vyumba vingi vya wagonjwa mahututi. Tafiti nyingi za viungo kushindwa kazi bado hufanyika huko huko. Kwa maoni yangu, serikali zetu zigharamie za hapa. Nawe ukiombwa ridhaa mwanao ashiriki, uliza maswali yote kwanza, ndipo ukubali au ukatae.